Siku Damu Ilipotoa Maziwa

Kila asubuhi, Hillevi akiwa anapuliza uji wake wa shayiri, simu ya baba yake ililia juu ya meza ya jikoni. Hakuna aliyeuliza ni nani. Baba aliisukuma simu kwa kidole mpaka ikafika kando ya bakuli, akasema, "Mwenzako huyo."

"Kitendawili," sauti ya Bibi Gunvor ilisema asubuhi moja, bila hata salamu.

"Tega."

"Kaingia mmoja mwekundu, wakatoka watatu, kila mmoja akaenda kwake."

Hillevi aliweka kijiko chini. Tufaha? Tufaha halitoi watu. Basi la shule lilikuwa jekundu, lakini lilitoa watoto thelathini, na wote walikwenda mahali pamoja.

"Nimeshindwa, Bibi."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Kiruna."

"Kiruna nikafanye nini na mifupa hii? Baridi ya hapa inanitosha. Nipe mji wenye jua."

"Haya, nakupa Visby."

"Visby nimeupokea. Lakini jibu sikupi. Keshokutwa darasa lenu linakuja huku hospitali, siyo? Jibu utaliona kwa macho yako. Ukishaliona, panda juu wodi ya nne uje uniambie."

Bibi Gunvor alikuwa mama yake baba. Mpaka mwaka jana alikuwa akiishi nao kijijini Granfors, akiwapikia na kuwachosha kwa vitendawili. Kisha mwili wake ukaacha kutengeneza chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu. Akipiga mswaki, fizi zilitoka damu. Akijigonga kidogo tu kwenye kabati, mkono mzima ulifanya doa la zambarau. Ikabidi alazwe mjini katika hospitali kubwa, na kila wiki alitundikiwa mfuko wa chembe sahani za watu wengine. Siku ya mfuko alikuwa mzima, anacheka. Siku za mwisho kabla ya mfuko mwingine, alizungumza polepole na kulala sana.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na kesho yake ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Pale Granfors Jumanne hiyo ilikuwa siku ya semla. Semla ni mkate mdogo mtamu wenye harufu ya iliki. Hukatwa kofia yake, huchimbwa katikati, hujazwa lozi zilizosagwa, kisha juu yake huwekwa krimu nyingi, mpaka ukiuma pua nayo inakula. Mtu wa kawaida hula moja na kikombe cha kahawa. Watu wa kiwanda cha mbao cha Granfors hawakuwa watu wa kawaida. Kila mwaka, wakati wa mapumziko ya asubuhi, watu wa msumeno walishindana na watu wa randa kuona nani atakula semla nyingi zaidi. Washindi walipewa kijiko kikubwa cha mti, wakakitundika ukutani kwao mwaka mzima. Waokaji walikuwa wanafunzi wa darasa la saba, darasa la Hillevi.

Baba yake Hillevi alikuwa mtu wa msumeno. Mwaka uliopita walishindwa. Na baba yake Sixten, aliyekaa dawati la nyuma ya Hillevi, alikuwa mtu wa randa.

"Mwambie baba yako asijisumbue," Sixten alimwambia siku hiyo wakikanda unga katika jiko la shule. "Akae nyumbani ale karoti."

"Mwaka huu wana Folke," Hillevi akajibu. "Umemwona Folke? Akiinama kufunga viatu, chumba kinaingia giza."

"Folke akimaliza tatu atalala."

"Utaona nani atalala."

Mwalimu Inga alipowatoa wanafunzi wengine nje kwa mapumziko, Hillevi alibaki kufunika mikate kwa vitambaa. Ndipo simu ya ukutani ilipolia. Akaipokea kwa mkono uliojaa unga.

"Habari. Mimi ni nesi wa basi la damu," mama mmoja alisema kwa upole. "Kesho mchana tunakuja hapo Granfors, watu wa kiwandani watatoa damu. Nimesikia mnawapelekea semla asubuhi. Naomba umwambie mwalimu wako azipeleke baada ya sisi kumaliza. Kabla ya kutoa damu wale uji, wale mkate, wanywe maji mengi. Krimu isubiri. Mafuta yale yanaingia kwenye damu. Utamwambia?"

"Ndiyo," Hillevi alisema. "Nitamwambia."

Akarudisha simu mahali pake, akabaki ameitazama. Semla zikipelekwa baada ya basi la damu, mashindano yatafanyika jioni. Na jioni Folke hayupo, kwa sababu zamu yake huisha mapema na yeye huenda zake msituni kuvua samaki kwenye barafu. Bila Folke, kijiko kitabaki kwa kina Sixten mwaka mwingine.

"Krimu itaingiaje kwenye damu?" alijiambia. "Krimu inaingia tumboni." Mwalimu Inga aliporudi na kuuliza ni nani aliyepiga, Hillevi akasema, "Mtu amekosea namba."

Jumanne asubuhi bwalo la kiwanda lilijaa vishindo vya buti na harufu ya iliki. Mwalimu Inga peke yake hakugusa semla, kwa kuwa lozi humvimbisha midomo. Alikula mkate wake wa jibini akihesabu wanachokula wengine. Folke hakulala. Alikula semla tisa, akafuta ndevu kwa kiganja, akauliza kama kuna kahawa. Watu wa msumeno wakambeba baba yake Hillevi juu pamoja na kijiko, na Sixten akatazama viatu vyake.

Mchana basi la damu likaja, likaegeshwa mbele ya kiwanda. Nesi alimuuliza kila aliyepanda kama amekula, na kila mmoja alijibu kwamba amekula vizuri sana. Mwalimu Inga naye alipanda, akatoa yake. Hillevi alipowaona wanashuka wanacheka, wamefungwa bandeji kwenye viwiko, aliona kwamba yule nesi alikuwa na wasiwasi wa bure.

Jumatano darasa zima likaenda mjini. Katika benki ya damu ya hospitali walivalishwa makoti ya bluu na mifuko ya plastiki juu ya viatu, wakapangwa ukutani. Aliyewapokea alikuwa mtaalamu anayeitwa Solveig, mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi za mvi.

"Huyu hapa ndiye rafiki yangu wa zamani," alisema, akiwaonyesha kifaa cha chuma chenye springi, kinachofanana na vibao viwili vya kubania karatasi. "Zamani damu ilizungushwa kwanza mpaka inajitenga yenyewe, nyekundu chini na njano juu. Halafu mimi nautoa mfuko taratibu, kama ninabeba mtoto aliyelala, naubana hapa. Njano inapanda kwenye mrija. Nyekundu ikikaribia, nafunga. Ukichelewa kidogo, nyekundu imeingia kwenye njano, kazi yote bure. Mfuko mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, mpaka jioni. Bega langu hili siku hizi linajua kama theluji inakuja kabla redio haijasema."

Kisha akapiga kofi dogo juu ya mashine nyeupe, pana kama mashine ya kufulia iliyolazwa chali. Pembeni yake ilikuwepo nyingine kama hiyo.

"Sasa kazi hiyo anaifanya huyu. Nampa mifuko minne kwa mara moja, nafunga kifuniko. Anazungusha, anakamua, anafunga mirija na kuikata mwenyewe. Ana jicho la mwanga. Taa inapiga upande huu, jicho linapokea upande ule. Njano inapitisha mwanga, nyekundu inauzuia. Hapo anajua mpaka uko wapi."

"Na akikonyeza?" Sixten akauliza.

"Hakonyezi. Wewe ndiye unayekonyeza, nimekuona."

Darasa likacheka. Solveig akaendelea kueleza kwamba kila kinachotoka kina nyumba yake. Chembe nyekundu zinakwenda kwenye friji. Maji ya njano, yaani plazma, yanagandishwa kwenye friza mpaka yanakuwa jiwe. Chembe sahani zenyewe hazitaki baridi. Zinakaa kwenye rafu inayotikisika usiku na mchana, kama watoto wanaobembelezwa.

Hillevi akahisi kichwa kinawaka taa. Kaingia mmoja mwekundu, wakatoka watatu, kila mmoja akaenda kwake. Alitamani kupanda ngazi wakati ule ule.

"Na leo mna bahati," Solveig alisema. "Damu iliyotoka Granfors jana tumeiacha ipumzike usiku, na inatakiwa itenganishwe kabla ya mchana wa leo. Mtaona damu ya wazazi wenu wenyewe. Majina hayaandikwi, ni namba tu, kwa hiyo msianze kugombania ya nani ni nzuri."

Akapanga mifuko minne katika mashine ya kwanza na minne katika ya pili. Vifuniko vikafungwa. Mashine zikaanza kunguruma, zikapandisha sauti, zikatulia kwenye mlio mmoja mwembamba. Watoto walisogea mbele.

Mashine ya kwanza ikasimama kabla ya wakati. Taa ya manjano ikawaka. Solveig akainama, akasoma kioo.

"Inasema haioni mpaka," alisema. "Haijawahi kunifanyia hivi."

Hajamaliza kusema, mashine ya pili nayo ikasimama. Taa ya manjano.

Solveig akafungua kifuniko, akainua mfuko wa kwanza. Chini ulikuwa mwekundu kama kawaida. Juu, mahali palipotakiwa kuwa njano angavu, palikuwa na kitu cheupe. Hakikuwa cheupe kidogo. Kilikuwa cheupe kizito, kama maziwa yaliyotoka dukani.

Solveig akainua wa pili. Mweupe. Wa tatu mweupe. Alipofika wa nane, darasa lilikuwa limerudi nyuma lote mpaka ukutani bila kuambiwa.

"Hayo ni maziwa?" msichana mmoja akanong'ona.

"Damu haina maziwa," Mwalimu Inga alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Baba yangu alitoa jana," Sixten akasema. Alikuwa amepauka mpaka midomo. "Mmoja kati ya hiyo ni wa baba yangu. Baba yangu ana nini?"

Hillevi aliona bakuli kubwa la krimu katika jiko la shule. Aliona mkono wake uliojaa unga umeshika simu. Akaegemea ukuta.

Solveig alikuwa ameshamwita mkuu wake. Daktari Ebba aliingia anavaa glavu, akaishika mifuko mmoja mmoja mbele ya dirisha, akaigeuza, akairudisha. Uso wake ulizidi kukunjamana.

"Mtu mmoja mwenye damu nyeupe hivi, namwona mara moja moja," alisema. "Wanane kwa wanane, sijawahi kuona tangu nianze kazi. Wanane hawawezi kuumwa pamoja siku moja. Kilichowakutanisha ni nini?"

"Basi moja," Solveig alisema. "Na mifuko. Mifuko yote ya basi imetoka kwenye maboksi yaliyofika wiki hii."

"Na waliotoa damu hapa mjini jana?"

"Maboksi hayo hayo."

Daktari Ebba akavua miwani. "Basi huenda dawa ya kuzuia damu isigande, iliyomo ndani ya mifuko, imeharibika. Wekeni yote pembeni. Ya Granfors na ya mjini. Msizungushe hata mmoja mpaka maabara kuu iniambie mifuko ni salama."

"Yote?" Solveig aligeuka. "Daktari, maabara kuu itajibu kesho. Damu hii ikipita mchana huu, chembe sahani hatuzipati tena. Na rafu yangu ni tupu. Wodi ya nne wanasubiri mifuko ya leo. Nimewaahidi."

"Najua umewaahidi. Unataka niwatundikie kitu nisichokijua?"

Solveig akaanza kusukuma toroli lenye mifuko ya mjini kuelekea chumba cha kufungia.

Wodi ya nne. Hillevi alimwona Bibi Gunvor amekaa kitandani na nywele zake amezichana vizuri, kwa sababu leo ni siku ya mfuko na mjukuu anakuja. Alijua sauti yake ya siku za mwisho, ile ya polepole. Akisema sasa hivi, Sixten atajua, darasa zima litajua, kiwanda kizima kitajua kwa nini msumeno walishinda. Asiposema, toroli litapita mlango ule.

Magurudumu ya toroli yalilia kwenye kizingiti.

"Si mifuko," Hillevi akasema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Akasema tena, kwa nguvu. "Si mifuko. Ni semla."

Watu wote wakamgeukia. Daktari Ebba akasogea, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Sema taratibu, binti. Semla gani?"

"Jana ilikuwa mashindano kiwandani. Asubuhi. Walikula semla, kisha mchana wakatoa damu. Nesi wa basi alipiga simu shuleni juzi. Alisema krimu isubiri. Aliniambia mimi nimwambie mwalimu." Akameza mate. "Sikumwambia. Nilisema mtu amekosea namba."

Mwalimu Inga akaweka mkono kifuani.

"Walikula ngapi?" Daktari Ebba akauliza.

"Baba alikula sita. Baba yake Sixten alikula saba. Folke alikula tisa."

"Tisa?" Daktari alitazama mfuko mmoja mweupe kuliko yote. "Tisa, na bado alipanda ngazi za basi kwa miguu yake?"

"Akaomba kahawa," Hillevi alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Daktari Ebba akasimama wima. "Inaweza kuwa kweli. Mafuta ya chakula huchukua muda kutoka tumboni, na baada ya saa tatu au nne hivi yanakuwa yamejaa kwenye damu. Lakini 'inaweza' si uthibitisho. Siwezi kufungua toroli lile kwa neno la mtoto, hata kama namwamini."

Hillevi alijifuta pua kwa mkono wa koti. Kichwa kilichokuwa kimemganda kikaanza kufanya kazi. Kwake kilikuwa kama kitendawili kingine: ni nani aliyepanda basi lile lile, akawekewa mfuko wa boksi lile lile, ila hakula?

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu alitoa damu jana. Na yeye hali lozi. Alikula mkate wa jibini tu."

Mwalimu Inga alikuwa ameshafungua mkoba. Akatoa kadi yake ya kutoa damu yenye namba. "Mimi hapa," alisema. "Nitafuteni."

Solveig alipekua toroli la Granfors, akapata mfuko, akauweka katika mashine peke yake, akajaza nafasi zilizobaki kwa mifuko ya maji ili mzigo uwe sawa. Kifuniko kikafungwa. Mlio ukapanda. Sixten alikuwa ameshika mkono wa koti la Hillevi bila kujua ameshika wa nani.

Mashine haikusimama katikati. Ilizunguka, ikakamua, ikakata mirija kwa mlio mdogo wa tik, kisha taa ya kijani ikawaka. Solveig akainua kifuko cha plazma mbele ya dirisha. Kilikuwa cha njano angavu kama maji ya tufaha, na ungeweza kuona theluji ya nje ukichungulia kupitia ndani yake.

"Boksi lile lile," Solveig alisema.

"Basi mifuko ni mizima," Daktari Ebba akajibu. Alivuta pumzi ndefu. "Rudisha toroli la mjini. Anza na mifuko inayokaribia kupitwa na muda. Za Granfors, plazma na chembe sahani tutazitupa. Hatumpi mgonjwa mafuta ya mtu mwingine. Nyekundu tutaona kama tunaweza kuziokoa kwa mkono, kwenye kile kifaa chako cha zamani."

Solveig alisugua bega lake. "Nilijua tu," alisema. "Tangu asubuhi lilikuwa linanichoma."

Sixten akamgeukia Hillevi. "Kwa hiyo baba yangu haumwi? Ni krimu tu?"

"Ni krimu tu."

Akafikiri. "Mjinga wewe," akasema, lakini alikuwa anafuta macho. "Nilishaanza kumzika."

Mchana, Mwalimu Inga alimpandisha Hillevi wodi ya nne, akamwacha mlangoni. Bibi Gunvor alikuwa ameegemea mito. Mfuko mdogo wa rangi ya njano ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa chake, ukidondosha tone, tone, tone.

"Umechelewa," Bibi alisema. "Na mfuko wangu nao umechelewa. Mlikuwa pamoja?"

Hillevi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia yote, tangu simu ya ukutani mpaka taa ya kijani. Hakuruka kitu. Alipofika mahali toroli lilipokuwa likipita mlangoni, Bibi aliacha kutabasamu, akabaki anamwangalia kama mtu aliyesikia habari za jirani asiyemfahamu. Mkono wake uliokuwa ukimpapasa Hillevi ukasimama.

"Kwa hiyo mfuko huu," alisema mwishowe, "ilibaki hatua moja tu niukose. Na si mimi peke yangu. Kitanda kile cha dirishani yuko mama mwenye watoto wadogo."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa sababu ya kijiko."

Hillevi aliinamisha kichwa. Matone yaliendelea kuanguka.

"Sikiliza," Bibi Gunvor alisema. "Nilipokuwa msichana, nyumbani tulikuwa na mashine ya kuzungusha maziwa. Unazungusha mpini, krimu inatoka mrija huu, maziwa mrija ule. Kwa hiyo mashine ya huko chini naijua, ni mjukuu wa ile yetu. Lakini yetu haikuwa na akili. Ukiitilia maji machafu, itazungusha maji machafu. Hii ya leo ilikutana na kitu isichokiona, ikasimama, ikasema, 'Sioni.' Haikuona haya. Haikuogopa kuchekwa. Wewe ulikuwa unaona, tangu juzi, ukanyamaza."

"Nimekosa, Bibi."

"Umekosa. Na mwisho umesema, watu wote wanakuangalia, wakati ungeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Hilo nalo nimelisikia, usidhani sikulisikia." Mkono ukaanza tena kumpapasa. "Ukipewa neno la kufikisha, lifikishe. Hujui linakwenda kwa nani. Na ukiwa umelizuia, liseme mapema, kabla halijafika kitandani kwa mtu. Haya, jibu langu liko wapi?"

"Damu," Hillevi alisema. "Kaingia mmoja mwekundu, wakatoka watatu. Friji, friza, na rafu inayotikisika."

"Nilijua utalipata. Visby hata hivyo siurudishi."

Kesho yake Hillevi alikwenda bwaloni kiwandani wakati wa kahawa. Alisimama mbele ya watu wa msumeno na watu wa randa, baba yake akiwa kati yao, akawaeleza. Folke aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kama kimekuwa yai.

"Yaani damu yangu ilikuwa nyeupe?" aliuliza. "Na mimi natembea nayo mwilini?"

"Daktari alisema ya kwako ndiyo nyeupe kuliko zote," Hillevi alijibu.

Mtu mkubwa yule hakucheka. Alijishika tumbo, akatazama ukutani kwenye kijiko, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona anasukuma sahani ya biskuti pembeni. Baba yake Hillevi akainuka, akakishusha kijiko, akakiweka katikati ya meza. "Mwaka huu hakina mwenyewe," alisema. Nyumbani jioni alimwambia binti yake maneno machache tu: kwamba angependa kushindwa kila mwaka mpaka azeeke, kuliko kushinda kwa namna ile. Hillevi aliyakumbuka kuliko kelele zozote.

Mwishoni mwa Mei, theluji imekwisha na basi la damu limerudi, Hillevi aliomba mwenyewe kupeleka ujumbe. Alipita mashine hadi mashine, msumeno na randa, akirudia kwa sauti: uji, mkate, maji mengi, hakuna krimu wala mafuta mpaka tumemaliza. Wanaume wazima wakala uji kama watoto wa chekechea. Sixten alisimama mlangoni kuwapekua ndevu kama zina krimu.

Asubuhi moja ya Juni simu ya baba ililia juu ya meza, lakini mara hii haikuwa Bibi. Ulikuwa ujumbe mfupi, ule anaotumiwa mtu kila damu yake inapofika kwa mgonjwa. Baba aliusoma, akaisukuma simu kwa kidole mpaka kando ya bakuli la uji. *Asante. Damu uliyotoa imetumika leo.*

Hillevi akausoma mara mbili. Kisha simu ikalia kweli.

"Kitendawili," sauti ya Bibi Gunvor ikasema, kali na nyepesi, sauti ya siku ya mfuko.

"Leo natega mimi, Bibi."

"Ehe. Tega."

"Nilikiweka mdomoni siku mbili, kikanichoma mimi peke yangu. Nilipokitoa, wakapona watu nisiowajua."

Hillevi alijua Bibi amekwishajua kuwa jibu ni lile neno la simuni, tena kabla hajamaliza kutega.

"Hicho kimenishinda," alisema Bibi Gunvor. "Chukua Visby yako."